King'amuzi cha Bwana Mizani

Kuna watu ukiwapa kijicheo kazini hukibeba mpaka nyumbani, wakakilaza kitandani kati yao na wake zao. Bwana Mizani alikuwa wa aina hiyo. Kazi yake ilikuwa kupima uzito wa malori kwenye barabara kuu, na kwa kuwa lori zima la saruji lilisimama yeye akinyanyua mkono tu, alikwisha kuamini kwamba hakuna kitu duniani kisichosimama akikiamuru. Nyumbani mkewe alisimama. Binti yao alikataa, akaondoka, na habari hii ni ya binti huyo, ingawa siku yenyewe hakutia mguu ndani ya nyumba.

Binti alikuwa refa. Mtaa mzima ulimwita Filimbi tangu alipokuwa akichezesha mechi za shule, na mama yake akawa Mama Filimbi, jina alilolipokea kwa moyo mweupe. Baba mtu hakulitaka. "Mwanamke wa kukimbizana na wanaume uwanjani, tena kwa kaptula, si mwanangu," alisema siku moja mbele ya watu, na binti akachukua begi lake akaenda kupanga chumba mbali. Tangu hapo mama na mwana walionana sokoni kwa kuibia, kati ya mafungu ya nyanya. Mama hajawahi kumwona mwanawe akichezesha hata mechi moja. Kwenda uwanjani alikatazwa, na hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi.

Sasa gazeti likatoa picha: mwanamke wa kwanza kuchezesha fainali ya kombe. Mkuu wa kituo cha mizani akaiona, akamwita Bwana Mizani ofisini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe huyu ni binti yako! Mbona hukutuambia?" Ubaba ukamrudia Bwana Mizani papo hapo. Jioni alifika nyumbani akiwa amekwisha kumwalika Mkuu aje kutazama fainali kwake, na wiki haikuisha, sebuleni ikaingia televisheni mpya pana kama mlango, redio kubwa yenye spika mbili, na king'amuzi na dishi lake. Vyote vilikuwa vya mkopo, lakini hilo tuliache, maana mkopo una aibu ndogo kuliko yaliyofuata.

Televisheni ya zamani, ile nene ya mgongo, iliamriwa itupwe. Spika yake ilikuwa imeungua siku nyingi. Mama Filimbi hakuitupa. Aliibeba kimya kimya, akaiweka jikoni juu ya kabati la vyombo, akaifunika kitambaa.

Fainali ilikuwa Jumapili alasiri. Asubuhi yake fundi wa dishi alipanda juu ya bati, akalifunga dishi, akaligeuzageuza mpaka kijimashine chake kikalia, akateremka akipangusa mikono.

"Mzee, niingie nikuunganishie na vya ndani?"

"Wewe kazi yako ni ya juu ya bati," akasema Bwana Mizani. "Ya ndani niachie mwenyewe."

"Haya. Kitabu cha maelezo kimo ndani ya boksi."

"Kitabu ni cha wasiojua."

Fundi akamtazama, akaona ni mtu mzima, akakunja ngazi yake akaenda zake.

Mama Filimbi alikuwa akiyasikia hayo kutoka jikoni, mikono imejaa unga. Jana yake binti alimpigia simu. "Mama, kesho utaniona?" "Nitakuona, mwanangu." "Kweli, mama? Usinidanganye." "Nitakuona kwa macho yangu." Ahadi ile haikumtoka akilini tangu jana, na sasa alifuta mikono akaenda kusimama mlangoni mwa sebule.

"Mzee, na mimi nitakaa wapi?"

"Ukae wapi lini?"

"Wakati wa mpira."

"Na wageni watakunywa chai iliyojipika yenyewe?"

"Nitapika mapema. Nitakaa hata chini, hapo pembeni ya mlango."

"Mama, hiki ni kikao cha wanaume. Mkuu wangu wa kazi anakuja. Wewe shughulika na chai, mimi nitakusimulia."

Atamsimulia! Mtoto aliyembeba tumboni, asimuliwe habari zake na mtu aliyemfukuza. Mimi ningekuwa yeye ningemtwanga kwa mwiko, lakini mimi si yeye. Alirudi jikoni, akaendelea kukanda unga, akakanda zaidi ya inavyotakiwa.

Kuunganisha vyombo vile si kazi ya kumtoa mtu jasho. Kila waya una rangi yake na kila tundu lina maandishi yake, kinachotakiwa ni kusoma. Bwana Mizani hakusoma. Alikuwa na kanuni mbili alizokuja nazo kutoka kazini. Ya kwanza ilisema kila kitu kikae mahali pake, kwa hiyo nyekundu akaichomeka kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe, kutoka king'amuzi mpaka redio. Hapo alipatia, na sifa yake apewe. Waya wa njano ndio wa picha, nao ulipaswa kutoka king'amuzi kwenda kwenye televisheni. Nyuma ya televisheni palikuwa na matundu mawili ya njano, moja la kuingizia picha na moja la kuitolea. Aliyatazama yote mawili, akachagua la kulia, maana kulia ndio upande wa heshima. Lilikuwa la kutolea.

Kanuni ya pili ilisema hakuna nafasi inayokaa bure. Lori likipita mizani, kila tairi lazima liguse bamba. Akaona nyuma ya king'amuzi pamebaki tundu moja tupu, la kupelekea picha kwenye televisheni ya pili, na ukutani panatokeza waya mweusi wa antena ya zamani, ile iliyoangushwa na upepo. Waya huo ulipita jikoni kabla ya kufika sebuleni, na huko jikoni ndiko ulikokatikia. Akauchomeka kwenye lile tundu ukae kwa adabu, akasimama akakung'uta mikono. Hakuuliza upande wa pili wa waya uko wapi. Ulikuwa jikoni, umechomekwa kwenye televisheni ya zamani, kwa sababu siku ile alipoibeba, Mama Filimbi aliona waya unaning'inia akauchomeka tu, kwa matumaini ya bure ya mtu asiye na kitu.

Bwana Mizani hakufanya majaribio. Kujaribu ni kujitilia shaka.

Wageni walifika wakiwa wamevaa vizuri kupita mpira wenyewe. Mkuu wa kituo alikuja na koti, akapewa kiti kikubwa kinachotazama televisheni uso kwa uso. Kinyozi wa mtaani alialikwa kwa sababu habari ikiingia kinyozini kwake huwa imetangazwa. Na Seremala alialikwa kwa sababu ndiye aliyetengeneza kabati la televisheni, na bado anaidai nyumba ile, kwa hiyo ilifaa akae karibu na karanga.

"Mimi huyu mtoto nilimlea kwa msimamo," Bwana Mizani aliwaambia, chai ikimiminwa. "Refa bila msimamo ni bure. Nilimwambia tangu mdogo, usiyumbe."

Mama Filimbi, aliyekuwa na birika mkononi, alimtazama. Chai ikamwagika kidogo kwenye kisahani cha Mkuu.

"Angalia, mama," akasema mumewe. "Samehe, Mkuu. Wanawake na mikono yao."

Aliisogeza spika moja dirishani ili jirani asiyealikwa ajue amekosa nini, kisha akabonyeza. Sauti ikatoka kama gharika. Uwanja mzima uliingia sebuleni: ngoma, tarumbeta, mtangazaji akitaja majina ya wachezaji. Kinyozi akapiga makofi. Kioo nacho kikawaka buluu tupu, kikaandika maneno: HAKUNA PICHA.

"Inapasha moto," akasema Bwana Mizani.

Wakaingoja ipashe moto. "Na katikati ya uwanja," mtangazaji akapaza sauti, "mwanamama wetu wa leo! Tazama anavyotembea! Tazama watu wanavyosimama kumshangilia!" Wakatazama buluu. Seremala akatafuna karanga moja polepole, kwa heshima.

Jikoni Mama Filimbi alisikia watu wakimshangilia mwanawe, na mwili ukamsisimka wote. Alijua mumewe hatamruhusu kukaa sebuleni. Akaondoa kitambaa kwenye televisheni ya zamani, akaiwasha bila kutegemea chochote, akaanza kuzungusha kitufe. Kioo kilijaa punje nyeupe na nyeusi tu. Chenga. Akazungusha tena. Chenga. Akaendelea, kwa sababu mkono ulihitaji kazi, na chenga zikaanza kukusanyika, zikawa majani, zikawa watu wadogo wanaokimbia. Kisha kamera ikasogea na Filimbi akajaa kwenye kioo kile kidogo, nywele amezifunga nyuma, filimbi mdomoni, uso mkavu kama wa mtu anayehesabu mzigo.

Mama mtu akakaa chini sakafuni. Alilia na kucheka kwa pamoja, akajiziba mdomo kwa upande wa kanga. Kioo cha jikoni hakikuwa na sauti lakini spika za sebuleni zilimpa zote, neno kwa neno, na midomo ya watu ikalingana na maneno. Alikuwa ameahidi kuona, na anaona.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana baadaye mtaa ulimsema kuwa alimficha mumewe. Hakumficha. Alipotulia tu alinyanyuka akaenda sebuleni, furaha imemjaa hata akasahau kubeba sinia.

"Mzee, picha ipo..."

"Sukari," akasema Bwana Mizani kutoka nyuma ya kabati. Alikuwa amepiga magoti, tochi kati ya meno, makalio yake yakimtazama Mkuu.

Akaleta sukari. Akasema, "Nilikuwa nasema, picha ya huko..."

"Mama, huoni nina kazi?"

Mpira ulikuwa unaendelea. Mtangazaji alipiga ukelele, uwanja ukazizima, na Mkuu akainuka nusu kitini. "Nini? Penalti? Kwa nani?" Hakuna aliyejua. Mama Filimbi akarudi mara ya tatu, sasa amesimama katikati ya sebule, mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nisikilize kidogo tu. Huu waya mweusi..."

Bwana Mizani akatoa kichwa, akaitoa tochi mdomoni. Alikuwa amelowa jasho na Mkuu alikuwa anamtazama, na mtu wa namna yake akiona haya lazima atafute mtu mwingine wa kubeba aibu hiyo. "Nyaya zinahusiana nini na jiko? Umesoma wapi wewe mambo ya nyaya? Nenda kaangalie sufuria zako, na usirudi hapa mpaka uitwe."

Kinyozi akachungulia ndani ya kikombe chake. Seremala akaacha kutafuna. Mama Filimbi akainama kidogo, kama ilivyo desturi yake, akasema, "Haya," akaondoka. Alipofika jikoni alivuta kigoda akakaa mbele ya mwanawe, akaapa kwamba hatafungua mdomo tena siku hiyo hata nyumba iwake moto.

Wa kwanza kuponyoka alikuwa Kinyozi. Alidai kiu. Akaingia jikoni akiwa na neno la utani mdomoni, akaona kioo, neno likamfia.

"Mama Filimbi! Kumbe huku ndiko..."

"Kunywa maji yako. Nimemwambia mara tatu."

"Nilikusikia." Kinyozi akakuna kidevu. "Basi mimi ni nani wa kumwambia mara ya nne?" Akageuza ndoo akaikalia.

Kipindi cha pili kilipoanza, Seremala alisema anaenda kumwangalia Kinyozi, asije akawa amepatwa na jambo. Hakurudi. Sebuleni alibaki Mkuu peke yake na buluu yake, akisikiliza mpira kama babu zetu, tofauti ni kwamba babu zetu hawakuvalia koti kwa ajili hiyo.

"Huo mkwaju wa kona ulikuwaje?" aliuliza.

"Karibu inakubali, Mkuu," sauti ikajibu nyuma ya kabati. "Nimekwisha kuona tatizo lilipo. Ni dishi. Yule fundi hakulifunga vizuri. Vijana wa siku hizi wanataka hela tu."

Mkuu akasema anaomba kunawa mikono. Akaufuata ukumbi mdogo, akasikia kicheko kimezibwa, akasukuma mlango wa jikoni. Kinyozi akaruka kutoka kwenye ndoo. Mama Filimbi akasimama na kumpisha kigoda, lakini Mkuu akakataa, akamwambia, "Kaa, mama. Mwenye mtoto ndiye anayekaa," akajiegemeza kwenye gunia la mkaa na koti lake. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kumwita mwenye mtoto, na aligeuza uso wasimwone.

"Tukamwite mwenyewe?" Mkuu akauliza baada ya muda.

"Nimekatazwa kwenda sebuleni mpaka niitwe," akasema Mama Filimbi.

"Na mimi," Mkuu akawaza kwa sauti, "nikimwambia, itabidi nimwambie na kwamba ametukalisha mbele ya ukuta. Ni mtu wangu wa kazi, nitamdhalilisha." Yalikuwa maneno mazuri ya mtu asiyetaka kukosa mpira.

Kwa hiyo walimwona Filimbi wote wanne. Walimwona anamtoa nje kwa kadi nyekundu beki mmoja mrefu aliyemwinamia na kumfokea, naye hakurudi nyuma hata unyayo, mkono juu, macho kwa macho, mpaka beki akageuka akaondoka. "Usiyumbe," akanong'ona Kinyozi akiigiza sauti ya mwenye nyumba, na Seremala akampiga kiwiko. Mama Filimbi hakucheka. Alikuwa anajiuliza mtoto amejifunzia wapi kusimama vile mbele ya mwanamume anayefoka, na jibu alilijua. Alijifunzia katika nyumba hii hii, siku alipochukua begi.

Mpira ukaisha. Watu wakamiminika uwanjani, na mwandishi wa habari akamfuata Filimbi na kipaza sauti. Spika ya dirishani ikaupa mtaa wote maneno yake.

"Leo umeandika historia. Nani unamshukuru?"

"Mama yangu," akasema Filimbi, anahema. "Alinishonea kaptula ya kwanza kwa kitambaa cha pazia. Akaniambia niivae chini ya sketi mpaka nifike uwanjani."

Jikoni wote watatu waligeuka kumtazama yule mshonaji. Sebuleni, nyuma ya kabati, kitu kilianguka.

"Na baba?"

"Baba," akasema. "Baba hajawahi kuniona nikichezesha. Hata mara moja. Alisema mimi si mwanawe, nami nikasema basi. Lakini nimeambiwa amenunua televisheni, na leo amewaita watu waje wanione. Kwa hiyo leo ananiona." Akamsogeza mwandishi pembeni kwa mkono, kwa adabu. "Sina maneno ya kumwambia. Namwomba anitazame tu."

Akanyamaza. Akatazama moja kwa moja kwenye kamera, kijasho kinamtiririka, macho hayakimbii. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomwumiza mama yake kuliko yote. Alikuwa anasubiri, kama mtoto aliyesimama mlangoni hajui kama atafunguliwa.

Sebuleni maneno yalikuwa yamekoma ghafla, na Bwana Mizani, aliyeganda na waya wa njano mkononi, akadhani spika nazo zimemsaliti. "Ongea!" akakifokea king'amuzi. Akakipiga kofi la juu, akakipiga la ubavuni. "Ongea, wewe!" Akageuka kuwaomba wageni radhi, na hapo ndipo alipoona viti vitupu, vikombe vyao vimekaa mbele ya ile buluu.

Alifika jikoni anakimbia. Akawakuta wamejibana, Mkuu koti limejaa vumbi la mkaa, wote wanatazama juu ya kabati la vyombo, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumwamkia. Alipenya katikati yao. Kwenye kioo kidogo mwanamke mmoja asiyemjua alikuwa anaanika shuka nyeupe kwenye kamba na kunyanyua pakiti ya sabuni.

"Yuko wapi?" akauliza. "Amesema nini? Sauti ilikatika."

"Haikukatika," akasema Mkuu, akijipangusa. "Sisi na tuage, tumekaa mno." Akamshukuru Mama Filimbi kwa chai, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akatoka. Kinyozi na Seremala wakamfuata, na Kinyozi alikuwa na haraka, maana watu walikwisha kujaa barabarani chini ya lile dirisha.

Bwana Mizani akabaki na mkewe. Shuka zilikuwa bado zinaanikwa.

"Nakuuliza, mama. Alipomnyamazia yule mwandishi, alikuwa anafanya nini?"

Mama Filimbi alikuwa ameanza kukusanya vikombe. Angeweza kumwambia vingi, vya mwaka mzima na zaidi, na vingine vilikuwa vimefika mdomoni. Alimwangalia, akamwonea huruma, akajichukia kidogo kwa kumwonea huruma.

"Alikuwa anakutazama," akasema.

Bwana Mizani akavuta kigoda, akakaa. Tangazo la sabuni likaisha, likaja la rangi za kupaka nyumba, na hilo nalo akalitazama mpaka mwisho.